Mguu wa Breki

Kandambili ya kushoto ilikuwa mguuni, ya kulia haikuwepo. Wayo aligundua hivyo alipofika kwenye kona ya duka la magodoro, na hakugundua kwa mguu. Muuza magodoro ndiye aliyemtazama chini, akacheka, akamuuliza kama siku hizi viatu vinauzwa kimoja kimoja. Basi akageuka, akarudi njia ileile, macho chini kama mtu aliyedondosha funguo. Aliikuta mbali sana, mlangoni kwa jirani yake, imelala kifudifudi. Mkewe Wayo alikuwa amesimama pale na ufagio mkononi.

"Baba watoto, umeondoka mguu mmoja peku?"

"Nilikuwa na haraka."

Haraka gani? Mtu huyu tangu azaliwe haraka haijui. Siku ya harusi yake walimsubiri mpaka ndugu wa bibi harusi wakaanza kunung'unika. Mkewe alikuwepo siku hiyo, au tuseme alikuwa ndiye anayesubiri, kwa hiyo hadithi ya haraka haikumwingia. Lakini hakubisha. Aliisogeza kandambili kwa ncha ya ufagio mpaka karibu na mguu wa mumewe, akaendelea kufagia.

Sasa nikueleze kwa nini jambo la kandambili si jambo dogo, maana nakuona unataka kunipita. Wayo ni jina la kazi. Jina alilopewa na wazazi wake hata mimi silijui, na nimekunywa naye chai miaka mingi. Ni fundi wa breki, katika gereji ile iliyo nyuma ya wachomeaji vyuma na wauza matairi, na aliitwa Wayo kwa sababu ya wayo wake wa kulia. Mafundi wengine wakimaliza breki huzungusha gari uwanjani, wakisikia limesimama wanakuita mwenye gari. Yeye huvua kiatu. Huketi kwenye usukani, huweka wayo mtupu juu ya pedali, hufumba macho na kukanyaga polepole, kama mtu anayepapasa kitandani gizani asije akamwamsha mtoto. Akimaliza atakuambia: diski ya mbele kulia imepinda. Au: pedi zimeisha upande mmoja. Au atasema neno moja tu, "Imeshika," na hapo chukua gari lako uende, hata kama njia yako ni ya korongoni. Pale gereji kuna msemo kwamba gari halitoki mpaka Wayo alikanyage.

Na huo wayo ulikuwa umekufa ganzi.

Haukufa siku moja. Ulianza vidole, ukapanda. Kliniki walimwambia ni kisukari, wakampa dawa na maneno mengi. Muuguzi alimfumbisha macho, akawa anamgusa nyayo kwa uzi mgumu, akamwambia aseme "naam" kila akihisi. Jamani, mtu mzima huyu alifanya nini? Aliibia. Kiti cha muuguzi kilikuwa kinalia kila alipoinama, basi kiti kikilia Wayo anasema naam. Alitoka pale na mguu mzima kwenye karatasi. Nyumbani alisema wamempa dawa za mgongo. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ndiye mwenzake wa kazi, Wayo hakumwambia kitu. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na watoto wawili chuoni na jina lililokaa unyayoni.

Isitoshe alikuwa amechoka, na hili nalisema wazi. Amechoka magoti, amechoka mgongo, amechoka vumbi jeusi la pedi linaloingia mpaka kwenye mkunjo wa shingo. Amechoka na wateja wanaosema "ni kelele kidogo tu, fundi," kumbe chuma kinasaga chuma. Usingizi wenyewe ulikuwa haumpumzishi. Aliamka kama alivyolala.

Wiki hiyo kulikuwa na gari la Mama Mikate. Mama huyu ana tanuri lake la mikate barabara ya pili kutoka gereji, ni mjane, na marehemu mumewe hakumwachia usukani hata siku moja. Walikuwa wakitoka, mume anashika usukani, yeye anashika mwavuli. Eda ilipoisha, watu wakitegemea atanunua gari la kubebea mikate, mama akaagiza gari la michezo kutoka ng'ambo. Jekundu, viti viwili, chini hivi kwamba kuingia ndani ni sawa na kukaa kwenye beseni. Huko nyuma trei moja ya mikate haiingii. Watu walisema sana. Yeye alisema mikate imeshabebwa vya kutosha.

Lakini gari lile lilikuwa na mbio kuliko breki zake. Mama yake mzazi anaishi juu mlimani, na barabara ya kushuka kutoka huko ni kona juu ya kona. Safari ya kwanza, katikati ya mteremko, breki zilipata moto, harufu ikajaa ndani, na pedali ikaanza kuzama. Alisimama kwa gia na kwa dua. Ndipo akaagiza breki kubwa, zile za magari ya mashindano, zikaja kwenye boksi zito lililobebwa na watu wawili.

"Jumamosi napanda kumchukua mama," alimwambia Wayo siku alipolileta. "Hawezi tena kukaa peke yake. Mama yangu anaogopa hata ngazi, fundi. Nataka ateremke amelala."

"Atalala," alisema Wayo.

Kufunga hakukuwa na shida, maana mikono ilikuwa bado yake. Walitoa kalipa za zamani, hivi vyuma vinavyoibana diski kama koleo, zikaonekana vitoto mbele ya hizo mpya. Diski mpya zilikuwa pana kama sinia na zimetobolewa matundu ya kupitishia joto. Mama alishakumbuka kununua rimu kubwa zaidi, kwa sababu rimu za zamani zingegusana na kalipa. Shemeji alizishika kalipa mpya, akazipapasa.

"Shemeji, hizi ukimfunga nazo mwenye nyumba wetu, hata kodi haipandishi."

"Leta spana," alisema Wayo.

Shemeji ni mnene, ana maneno, na ndiye anayelala chini ya gari kwa sababu Wayo magoti yamegoma. Hapo ndipo kazi ya kutoa upepo inapokuja, na nisikilize vizuri, maana kisa chote kimekaa hapo. Ukifunga breki mpya, upepo huingia kwenye paipu za mafuta. Mafuta hayabonyei, upepo unabonyea. Ukibaki humo, unakanyaga breki lakini unakanyaga hewa. Kwa hiyo mmoja anakaa kwenye pedali, mwingine yuko chini na spana kwenye nati ndogo ya kutolea upepo, na wanaitikiana kwa sababu hawaonani.

"Kanyaga."

"Nakanyaga."

"Shika."

"Nimeshika."

Hapo wa chini hufungua nati, mafuta hutoka pamoja na upepo, hufunga, kisha husema "achia." Ole wenu mguu ukiachia wakati nati iko wazi, maana upepo hurudi ndani palepale. Ndiyo maana mafundi wengine huchomeka mpira kwenye nati, ncha ya pili wakaizamisha kwenye chupa ya mafuta, ili hata mguu ukiteleza yavutwe mafuta, isivutwe hewa. Shemeji hatumii chupa. Amewahi kucheka mbele ya watu: "Chupa ya nini? Mimi nina neno la shemeji yangu." Tangu waanze kufanya kazi pamoja, neno lile "nimeshika" halijawahi kumwangusha.

Walianza asubuhi. Kanyaga, nakanyaga, shika, nimeshika. Gurudumu la nyuma, la pili, la mbele, la pili. Wakarudia. Povu lilikuwa linatoka tu. Wakabadilisha mafuta ya breki, wakafungua kopo jipya. Povu. Jua likapanda juu ya mabati, Shemeji akawa analowa jasho pale chini, na kila akidhani upepo umeisha, unatoka mwingine.

"Shemeji, gari hili linapumua," alisema kutoka chini. "Nakwambia vifaa ni feki. Kalipa inavuta hewa mahali. Tumrudishie mama breki zake za zamani, tumwambie ameuziwa mbuzi kwenye gunia."

Wayo alikuwa amechoka mpaka akakaribia kukubali. "Jaribu tena hiyo ya mbele," alisema.

"Haya. Kanyaga."

"Nakanyaga."

"Shika."

"Nimeshika," alisema Wayo, na bila sababu yoyote, labda kwa kutaka kujikuna goti, akainama akatazama chini.

Mguu wake ulikuwa umekaa kwenye zulia. Pembeni mwa pedali, umetulia zake, kisigino chini, vidole juu. Pedali ilikuwa imeshapanda mahali pake, na mdomo ulikuwa umetoka kusema nimeshika.

Aliutazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia bila hodi. Kule chini nati ilikuwa wazi na upepo unaingia. Asubuhi nzima mambo yalikuwa hayo. Vifaa vilikuwa sawa.

"Nimefunga. Achia," alisema Shemeji.

"Nimeachia," alisema Wayo. Hili angalau lilikuwa kweli.

Ningependa kukuambia kwamba alitoka garini akasema ukweli, lakini simjui malaika yeyote anayefanya kazi gereji. Aliogopa. Aliiona siku ya kesho: gereji wanajua, wateja wanajua, mafundi wenzake wanamsalimia kwa sauti ya kumpoza. Fundi wa breki asiye na mguu wa breki ni nani? Basi akafunga mdomo, akainama, akautazama mguu wake mwenyewe kama unavyomchunga mtoto karibu na jiko, na kila Shemeji aliposema "shika," aliubana kwenye pedali kwa macho. Mambo yakabadilika. Povu likapungua, likawa vijitone, likawa kama limekwisha.

Shemeji alijitoa chini ya gari, akajifuta uso kwa mkono wa ovaroli.

"Kosa langu, shemeji," alisema. "Nati ile ya mbele nadhani nilikuwa siikazi sawasawa. Nimekuchosha bure."

Na Wayo akanyamaza. Akaacha mwenzake abebe kosa lisilo lake, akamwona anavyolibeba.

Mama Mikate alifika mchana, amebeba mkate umefungwa kwenye kitambaa, bado una joto. Alizunguka gari, akachungulia kalipa mpya katikati ya rimu, akafurahi. Kisha akafungua mlango wa pili, akaweka mto mdogo wa maua juu ya kiti.

"Hapo atakaa mama," alisema. "Mgongo wake haupendi viti vya chini. Haya, fundi, tayari?"

Wayo alikuwa bado kwenye usukani, peku. Alifumba macho kama desturi. Akakanyaga. Ilikuwa kama kukanyaga ndotoni: goti lilishuka, paja lilikaza, lakini chini ya hapo hakukuwa na habari yoyote. Pedali ilikuwa ngumu? Ilikuwa laini? Kwa jicho ilionekana kusimama mahali pazuri. Shemeji alimngojea. Mama alimngojea. Lilitakiwa neno moja tu, na neno hilo alilisema maisha yake yote.

Alifungua macho, akauona ule mto.

"Mama," alisema, akatoka garini akishikilia mlango, "vua kiatu ukae hapa."

"Mimi?"

"Wewe. Vua kiatu, weka wayo hapo, kanyaga polepole. Kisha niambie kukoje."

Mama Mikate aliona aibu kidogo, maana soksi ilikuwa na tundu, lakini alivua, akaketi, akakanyaga. Akaachia. Akakanyaga tena, kichwa amekiinamisha upande.

"Sijui niseme vipi," alisema. "Mimi najua unga tu."

"Sema kwa unga."

"Ni kama unga uliokwisha umuka. Unabonyea kwanza, halafu ndiyo unakutana na kitu. Na ukiachia unainuka wenyewe."

Uwanja mzima ulikuwa na kelele za wachomeaji, lakini Wayo alisikia kama kumekuwa kimya. Unga huumuka kwa hewa. Mama wa watu angeshuka mlimani na mama yake juu ya mto wa maua, na hewa ile ndani ya paipu.

"Kuna upepo bado," alisema. "Mimi sikuusikia."

Shemeji alicheka kidogo, akidhani ni utani. "Wewe hukuusikia? Wayo mzima?"

"Mguu umekufa, shemeji. Kisukari. Siuhisi tangu mvua zilipoanza. Na nati yako ilikuwa imekaza. Mguu wangu ndio ulikuwa unaachia wakati nasema nimeshika. Niliuona, nikanyamaza."

Mtu yule ambaye hata msibani huwa na la kuchekesha alimtazama tu usoni, akamtazama mguu. Kisha akajifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, akavuka uwanja mpaka kwa fundi wa jirani. Wayo alimwona akirudi, na alipoona alichobeba, moyo ulimshuka kuliko kama angetukanwa. Alikuwa ameazima mpira na chupa.

Alichomeka mpira kwenye nati bila kumtazama. "Mama, kaa hapohapo," alisema. "Nikisema kanyaga, kanyaga. Nikisema shika, usiachie mpaka nikuambie."

"Nimekanda unga tangu nikiwa msichana," alisema Mama Mikate. "Kushika najua."

Wakatoa upepo upya, gurudumu baada ya gurudumu. Wayo alikaa kwenye tairi kuukuu akiwa hana la kufanya, jambo ambalo halijawahi kumtokea pale. Aliona povu likipanda kwenye chupa, likapungua, likakata. Mama akaulizwa tena kukoje. Akasema sasa ni kama kibao cha kukatia mkate.

Walitoka kulijaribu, Mama kwenye usukani, Shemeji amejikunja pembeni na mto wa maua mapajani, wakaenda na kurudi wakikanyaga na kuachia ili pedi mpya zizoeane na diski. Waliporudi harufu ya moto ilikuwa kidogo tu, ile ya kawaida ya pedi mpya. Mama alizima gari, akamtazama Wayo pale kwenye tairi.

"Mama atalala," alisema. Akampa ule mkate. "Huu usile wewe, wapelekee nyumbani. Na huo mguu urudishe kliniki."

Gari jekundu lilipotoka langoni, taa zake za breki ziliwaka, likasimama kabisa, likaangalia barabara, likaenda. Shemeji alibaki amesimama.

"Tangu mvua zilipoanza," alisema.

"Ndiyo."

"Magari yote yale umesema imeshika."

"Ndiyo, shemeji."

"Na mimi nilikuwa chini bila chupa." Alikung'uta kofia yake kwenye goti. "Kesho tunaanza kuyaita. La mwalimu kwanza, lile linabeba watoto. Mimi nitakanyaga. Wewe utanifundisha huko kukanyaga kwenyewe, kama kunafundishika."

"Na chini nani?"

"Chini chupa," alisema Shemeji, na sauti yake haikuwa ya utani wala ya hasira. Ilikuwa imechoka kama ya mwenzake. "Nenda nyumbani."

Wayo alirudi nyumbani jua likiwa bado kali, saa ambayo hakuwahi kurudi. Njia nzima alikuwa anatazama miguu yake, na kandambili zote mbili zilifika. Mkewe alimwona mlangoni akauliza kuna nini. Yeye aliweka mkate, akaketi kwenye kigoda, akanyoosha mguu wa kulia. Maneno aliyokuwa ameyapanga njiani aliyaacha.

"Nishikie mguu," alisema.

Mkewe alichuchumaa mbele yake. Wayo akafumba macho, na safari hii hapakuwa na kiti cha kumlilia.

Alingoja. Jirani alikuwa anamimina maji kwenye ndoo. Mtoto alilia nyumba ya tatu, akanyamazishwa. Alingoja zaidi.

"Mama watoto, shika basi."

"Nimeshika," alisema mkewe. "Nimeshika muda wote huu."

Akafungua macho. Mkewe alikuwa ameukumbatia wayo ule kwa mikono yote miwili, na mishipa ya mikono ilikuwa imemtoka kwa nguvu alizokuwa akiubana.